USIPOZIBA UFA: NYUMBA ISIYOPANGWA NA HOMA YA PAPASI



Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huliona dogo: nyumba isiyopangwa. Nguo zimerundikwa pembeni, magunia matupu yamelala hapo tangu msimu uliopita, majembe na masufuria yamechanganyika uvunguni. Tukiulizwa, tunajibu, "Ndivyo tulivyozoea." Mazoea hayo yanaweza kuleta ugonjwa.

Papasi na njia ya misafara

Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Daktari Livingstone alikaa hapa katika nyumba ya tembe kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Katika kambi na nyumba za njia hiyo aliishi pia papasi, mdudu wa jamii ya kupe. Mwaka 1905 madaktari Dutton na Todd walionyesha huko Kongo kwamba papasi hueneza homa. Dutton mwenyewe alifariki mwaka huohuo huko Kasongo. Wakati huohuo Robert Koch, akichunguza papasi wa nchi yetu, aliona kwamba vijidudu vya homa hiyo hupita hadi kwenye mayai yake.

Papasi haruki. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na chini ya vitu visivyosogezwa. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kuishi miaka bila kula. Nyumba nyingi leo zina sakafu ya saruji, ambayo haimpi maficho mengi. Lakini za udongo bado zipo.

Dalili na hatari

Homa hupanda ghafla, kichwa na viungo huuma, pengine mgonjwa hutapika. Baada ya siku chache homa hutoweka, naye hudhani amepona. Baada ya wiki moja hivi hurudi. Wengi huidhania malaria. Tuwahi zahanati tukapimwe damu, kwani dawa ipo. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba, na mtoto mchanga anaweza kufa.

Kujenga mazoea mapya

Tusijaribu kubadili nyumba yote kwa siku moja. Anayefanya hivyo huchoka, na wiki ya pili fujo hurudi. Tufanye hivi:

1. Tuanze na kona moja, hasa pale watoto wanapolala. Ikizoeleka, tuhamie nyingine.

2. Tuunganishe kazi mpya na ile tuliyoizoea. Kwa mfano, kila tukimaliza chai ya asubuhi, tukunje mikeka na kuianika juani.

3. Kila kitu kiwe na mahali pake: jembe kwenye kigingi, nguo kwenye kamba au sandukuni. Kisicho na kazi kitolewe.

4. Jumamosi tusogeze vitanda na magunia, tufagie chini yake, tuzibe nyufa kwa udongo mpya. Vitanda visiguse ukuta.

5. Kazi isiwe ya mama peke yake. Baba apige vigingi na kuziba nyufa. Watoto, wa kiume kwa wa kike, watandike na kufagia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tukisahau siku moja, tuendelee kesho yake bila kukata tamaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, yumo mwanamke aliyepotelewa na sarafu moja. Aliwasha taa, akafagia, akatafuta kwa bidii hadi akaiona. Ikiwa sarafu ilistahili bidii hiyo, je, mtoto anayelala sakafuni? Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali kwa Jumuiya Ndogondogo

1. Ni kona ipi ya nyumba yetu haijasogezwa vitu tangu mavuno?
2. Katika jumuiya yetu, ni mzee au mgonjwa gani asiyeweza kuziba nyufa zake mwenyewe? Tutamsaidia lini?