Bei ya Mtandaoni Sio Bei ya Mlangoni: Hesabu Ushuru Kabla Hujalipa

Somo letu la leo linahusu kitu kinachokula akiba ya watu wengi kimyakimya. Unaona bidhaa kwenye simu, bei ni nzuri, unalipa, unaandika anwani ya nyumbani. Wiki kadhaa baadaye mama anapigiwa simu: mzigo umefika, lakini kuna ushuru wa kulipa. Pesa hiyo hukuipangia, na mama hana. Sasa unatafuta pesa za haraka, pengine unamkopa mwenzako, kuokoa kitu ulichokwisha kukilipia.

Ushuru wenyewe unahesabika. Ukijua kanuni zake, unaweza kukaa kitandani jioni na kalamu na karatasi, ukajua gharama yote kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa.

Kwanza: ushuru unahesabiwa kwenye nini?

Wengi hudhani ushuru unatozwa kwenye bei ya dukani peke yake. Hapana. Kwa mzigo unaokuja kwa meli, forodha ya Afrika Mashariki inachukua bei ya bidhaa, inaongeza nauli ya kuisafirisha, inaongeza na bima. Jumla ya vitu hivyo vitatu huitwa CIF. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia hesabu. Kwa hiyo nauli kubwa inakuumiza mara mbili: unailipa kwa msafirishaji, halafu inapandisha ushuru.

Pili: makundi ya ushuru

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina ushuru wa forodha wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Tangu Julai 2022 makundi makuu ni manne: 0%, 10%, 25% na 35%. Mitambo na malighafi nyingi ziko 0%. Kompyuta ya mkononi nayo iko 0%. Bidhaa nyingi zilizokamilika, zile za kutumia nyumbani, ziko 25%. Kundi la 35% ni la bidhaa ambazo nchi zetu zinataka zitengenezwe nyumbani, kama nguo na fanicha. Nchi moja moja inaweza kuomba kiwango tofauti kwa bidhaa fulani, na mabadiliko hutangazwa wakati wa bajeti kila mwaka. Kwa hiyo hakikisha kiwango cha bidhaa yako kwa wakala wa forodha, au kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato ya nchi yako, kabla ya kuagiza.

Tatu: kodi juu ya kodi

Hapa ndipo watu wanapopotea. VAT haihesabiwi kwenye CIF peke yake. Inahesabiwa kwenye CIF pamoja na ushuru wa forodha. Yaani unalipa kodi juu ya kodi. Kenya VAT ni 16%. Tanzania Bara, Uganda na Rwanda ni 18%.

Kenya kuna tozo mbili zaidi zinazohesabiwa kwenye CIF: IDF, ambayo ni 2.5%, na tozo ya reli, RDL, ambayo ni 2%. Na ukiagiza manukato au vipodozi, ambavyo wengi wetu tunapenda kutuma kutoka Ghuba, jua kwamba Kenya vinatozwa pia ushuru wa bidhaa, na VAT inakaa juu ya huo nao.

Nne: tufanye hesabu pamoja

Chukulia dada anafanya kazi za nyumbani Riyadh. Mshahara wake ni riyali 1,000. Riyali moja ikiwa kama shilingi 34 za Kenya, hiyo ni shilingi 34,000. Ameona kifaa cha nyumbani kwenye duka la mtandaoni la China, anataka kiende moja kwa moja kwa mama yake Kisumu, kwa meli kupitia Mombasa. Kifaa kiko kundi la 25%.

Bei ya kifaa: 15,000
Nauli: 4,700
Bima: 300
CIF: 20,000

Ushuru wa forodha, 25% ya 20,000: 5,000
VAT, 16% ya 25,000: 4,000
IDF, 2.5% ya 20,000: 500
RDL, 2% ya 20,000: 400
Jumla ya kodi na tozo: 9,900

Gharama yote: shilingi 29,900. Na bado hujalipa wakala wa kutoa mzigo, wala usafiri wa Mombasa hadi Kisumu.

Tazama hiyo namba tena. Kifaa cha 15,000 kimekaribia kuwa 30,000. Kodi peke yake, 9,900, ni karibu siku tisa za jasho la huyo dada. Kama kifaa hichohicho kinauzwa Kisumu kwa 24,000, basi njia ya busara ni kutuma pesa nyumbani kinunuliwe huko. Utapata na risiti ya karibu, na kikiharibika mama anajua pa kukirudisha.

Lakini si kila mara duka la nyumbani linashinda. Kama ingekuwa bidhaa ya 0% yenye CIF hiyohiyo ya 20,000, kodi ingekuwa VAT 3,200, IDF 500 na RDL 400, jumla 4,100. Hapo kuagiza kunaweza kulipa. Ndiyo maana tunahesabu kwanza, hatukisii.

Tano: nani analipa, wewe au muuzaji?

Kwenye ukurasa wa malipo tafuta herufi hizi. DDP maana yake muuzaji ameshaweka ushuru ndani ya bei, mpokeaji hadaiwi tena. DAP, au DDU kwenye maduka ya zamani, maana yake mpokeaji ndiye atakayelipa ushuru mzigo ukifika. Bei ya DAP huonekana ndogo, ndiyo sababu inavutia. Kama huoni maelezo yoyote, hesabu kana kwamba utalipa wewe.

Ukitumia watu wa kago wanaotoza kwa kilo au kwa boksi, waulize swali moja: "Bei hii ina ushuru ndani au haina?" Jibu liandikwe kwenye risiti au kwenye meseji. Neno la mdomo halikusaidii boksi likikwama bandarini.

Sita: mambo matatu ya kuepuka

1. Usiandike bei ya uongo. Muuzaji akikuambia, "nitaandika dola 10 tu," kataa. Ofisa wa forodha ana haki ya kuikataa bei hiyo na kutumia bei ya bidhaa zinazofanana. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inahesabu tamko la uongo kuwa kosa, na mzigo unaweza kutaifishwa. Atakayeulizwa maswali ni mama aliyeandikwa kama mpokeaji, si muuzaji aliyeko mbali.

2. Usidhani neno "zawadi" linafuta ushuru. Forodha inatazama thamani ya kitu, haitazami upendo wako.

3. Usiuache mzigo ukae. Gharama ya ghala inahesabiwa kwa siku, na mzigo usiolipiwa unaweza kupigwa mnada. Kama hujatenga pesa ya ushuru, usiagize bado.

Saba: wezi wanaojificha nyuma ya forodha

Kuna meseji zinazosema: "Mzigo wako umezuiliwa, tuma pesa ya ushuru sasa hivi kwa namba hii." Wakati mwingine anayetuma ni "mchumba" wa mtandaoni anayedai amekutumia boksi la dhahabu na simu. Kodi ya kweli ina hati inayoonyesha hesabu, kama ile tuliyofanya juu, na ina namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa mamlaka ya mapato. Pesa inaingia akaunti ya serikali. Haiingii kwenye simu ya mtu binafsi. Hukuagiza kitu? Basi huna ushuru wa kulipa. Uliagiza? Omba hati, piga hesabu mwenyewe, kisha mpigie msafirishaji kwa namba uliyoitafuta wewe, si ile iliyo kwenye meseji.

Na ukinunua kwa matumizi yako hukohuko?

Kanuni ni ileile, viwango ndivyo tofauti. VAT ni 15% Saudia, 10% Bahrain, na 5% Oman na Emirati. Uingereza, bidhaa kutoka nje isiyozidi pauni 135 kwa kawaida hutozwa VAT ya 20% palepale unapolipa. Ikizidi hapo, VAT hulipwa inapoingia nchini na ushuru wa forodha unaweza kuongezwa. Marekani, ule msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800 ulisitishwa tarehe 29 Agosti 2025. Kwa hiyo mazoea ya zamani yasikudanganye.

Zoezi la wiki

Kaka yuko Muscat, anataka kuagiza bidhaa ya kundi la 25% iende Dar es Salaam. CIF ni shilingi 200,000 za Tanzania. Ushuru wa forodha na VAT ni kiasi gani, ukiacha tozo nyingine?

Jibu: ushuru 50,000, VAT 18% ya 250,000 ni 45,000. Jumla 95,000. Ukipata 86,000, ulisahau kodi juu ya kodi. Rudi sehemu ya tatu.

Sasa fungua oda uliyoiweka kwenye kikapu cha simu yako. Kabla ya kulipa, andika namba nne: bei, nauli, kundi la ushuru, na bei ya kitu hichohicho nyumbani. Ukikosa hata moja, usibonyeze.