Je, kichaka hiki cha bondeni ni kahawa pori?

SWALI: Bondeni kwetu Kasulu kuna kichaka chenye majani matatu matatu, maua meupe yanayonukia na kugeuka manjano, na tunda gumu la kijivu. Jirani aliyetoka Kibondo anasema ni kahawa pori. Je, mbegu zake zinakaangwa?

JIBU: Hapana, msizikaange. Kwa maelezo yako, huo ni Gardenia ternifolia, mti mdogo unaoota hata kandokando ya mbuga zinazotuamisha maji. Jirani hajakosea sana, maana ni wa ukoo mmoja na mbuni, Rubiaceae. Lakini mbuni huweka majani mawili mawili yanayotazamana, na katikati ya vikonyo kuna kigamba kidogo cha pembetatu. Pasua na tunda: la mbuni kwa kawaida lina mbegu mbili, hili limejaa nyuzi na mbegu ndogo nyingi.



Msiung'oe, tafadhali. Na kama bonde hilo linagusa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.