Kabla hujauza Mark X ununue Harrier

Zamani mfanyabiashara wa alizeti au vitunguu wa Singida aliyejaliwa msimu mzuri ungemjua kwa gari lake. Alianza na Mark II Grande, akahamia Mark X, na aliyefanikiwa zaidi akapanda Crown. Siku hizi fedha hiyohiyo inaishia kwenye Harrier, Vanguard au Prado, na magari ya chini yanauzwa kwa bei ambayo miaka michache nyuma mwenye nayo angeiona matusi. Mkumbo huu haukuanzia kwetu. Toyota wenyewe waliacha kutengeneza Mark X mwishoni mwa mwaka 2019. Crown nayo, iliyokuwa gari la chini la wakubwa tangu 1955, ilipozinduliwa upya 2022 toleo la kwanza kutoka lilikuwa lile lililoinuliwa.

Kwa hiyo sina ugomvi na anayetaka gari la juu. Ninachotaka ni kumshika mkono kidogo yule ambaye bado hajalipa.

Aanze kwa kutofautisha urefu na ugumu. Harrier ilipotoka Japani Desemba 1997 ilijengwa juu ya msingi wa Camry, na matoleo yaliyofuata, lile la 2003 tunaloliita tako la nyani na lile la mwishoni mwa 2013 tunaloliita Anaconda, yaliendelea na utaratibu huohuo: bodi na chesisi ni kitu kimoja, kama gari dogo lolote. Prado ni habari nyingine. Ina chesisi yake peke yake, bodi imekalishwa juu, na ina gia nzito za kutokea kwenye matope. Harrier ni gari zuri sana la safari, tulivu, lenye siti za kumfanya mzee asilalamike kiuno, ila halikutengenezwa kwa makorongo. Anayelinunua akidhani amepata shangingi la bei nafuu, fundi wake atamfurahia.

Chukua karatasi uandike njia ulizopita mwaka jana. Usiandike unazotarajia kupita ukishapata gari jipya, maana hapo kila mtu hujiona atakwenda shamba kila wiki. Kama wewe ni mkazi wa Mandewa au Utemini, kazi yako iko mjini, na safari zako ni Dodoma, Arusha kupitia Katesh na Babati, Nzega kupitia Shelui, au Tabora kupitia Manyoni na Itigi, unaishi juu ya lami. Kwenye lami gari la chini linashika barabara vizuri zaidi, linakata kona bila kuyumba, na upepo wa Singida halijali sana. Upepo wetu si wa mchezo; wawekezaji wa umeme wameukodolea macho kwa miaka mingi. Ukiendesha gari la juu lenye shokapu zilizochoka kwenye uwanda ulio wazi, halafu lori likapishana nawe, utajua tofauti mikononi mwako.

Kama karatasi yako inasema Ilongero, Mtinko na kuendelea kuelekea Haydom, au Nduguti na vijiji vya Mkalama, au ndani ya Ikungi mbali na barabara kuu, hesabu inageuka. Huko changarawe, mchanga na mitaro ya maji vinatafuta sampo ya gari la chini kila siku. Na ukitoka Itigi kushika njia ndefu ya Rungwa, Harrier yenyewe naitoa kwenye orodha. Pale ni Prado, Land Cruiser au Hilux, au panda basi.

Msimu nao una kauli yake. Mkoa wetu una mvua za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya mabonde yake ni mbuga yenye udongo mweusi. Udongo ule ukilowa unajaza meno ya tairi yote, tairi linabaki laini, na gari linaserereka hata likiwa refu namna gani. Harrier inayovutwa na tairi za mbele peke yake itakwama palepale ilipokwama Mark X, pengine hatua kumi mbele zaidi. Kinachosaidia pale ni tairi zote nne kuvuta, pamoja na tairi zenye meno mazima.

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Muuzaji anasema "hii ni foo wili", nyuma kuna nembo, mnunuzi anaridhika. Nembo inauzwa dukani. Angalia kibati cha namba ya chesisi: tako la nyani la injini ya 2.4 likiandikwa ACU30 linavutwa mbele tu, likiandikwa ACU35 linavuta kote. Kwa Anaconda ya 2.0 ni ZSU60 na ZSU65. Hata Mark X ina habari hiyo: GRX120 huvuta kwa nyuma, GRX125 kwa tairi zote, na hiyo ya mwisho ni gari ambalo watu wa Singida wangelitafuta zaidi kama wangelijua. Usipoamini maandishi, tandika gunia ulale chini ya gari kwa nyuma. Kwenye Harrier inayovuta kote utaona difu katikati ya tairi za nyuma na propela shafti inayotoka mbele. Kama unaona ekzosi na tairi la akiba tu, mazungumzo ya bei yaanze upya.

Ukiwa hapohapo chini, tazama mpira wa shokapu za nyuma kama una mafuta, tazama bushi za mkono kama zimepasuka, kisha upitishe kidole kwenye sehemu ya chini kabisa ya sampo. Sampo yenye makovu mengi inakupa historia ya gari ambayo mwenye gari hatakupa.

Kuhusu urefu, usibishane na mtu, pima. Beba futi kamba. Waambie watu wanne wazima wakae ndani, maana gari likiwa tupu linakudanganya, kisha pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa chini ya injini. Baadaye nenda kwenye tuta baya kuliko yote katika mtaa wako, na kwenye geti lako mwenyewe, upime pia. Wapo watu wameuza gari la chini kwa sababu ya tuta moja na mfereji mmoja mbele ya nyumba, vitu ambavyo mifuko miwili ya saruji na lori dogo la kifusi vingevimaliza.

Kama tatizo lako na Mark X ni kugonga tu, kagua kwanza rimu. Nyingi zilikuja na tairi za 225/45 rimu 18, nyembamba, zinazopasuka kwenye shimo la kwanza. Ukiwa na 250G unaweza kurudi kwenye rimu 16 yenye tairi 215/60, zile ambazo gari lilitoka nazo kiwandani kwenye matoleo ya kawaida. Gari halitapanda sana, lakini tairi itakuwa na nyama, na rimu itaacha kupinda. Ukibadilisha na shokapu na springi zilizolala, utashangaa gari lilivyokuwa limeshuka kwa uzee tu. Spesa za kunyanyulia mimi sizipendi. Wengi huziweka bila kurekebisha alaimenti, tairi mpya zikaliwa upande mmoja ndani ya miezi michache.

Sasa mafuta. Singida hadi Dodoma ni kilometa 240 hivi. Mark X ya 2.5 iliyo salama, kwenye lami na mguu wa busara, inakwenda kilometa 11 kwa lita: lita 22. Harrier ya 2.4 ikienda 9, ni lita 27. Prado ya petroli ya 2.7 ikienda 7, ni lita 34 na ushee. Zidisha kwa bei ya Singida, siyo ya Dar es Salaam, kwa sababu EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi na huku juu gharama ya kusafirisha imo ndani. Anayekwenda Dodoma mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi, atachoma lita 20 zaidi kwa Harrier na karibu 50 kwa Prado. Kwa mtu wa mshahara hiyo ni bajeti ya kitu kingine nyumbani.

Na tusidanganyane: heshima nayo ni sehemu ya bei. Ukifika na gari la juu kwenye kikao cha harusi unapewa nafasi ya kuegesha karibu na mlango. Hilo lina thamani yake, hasa kwa mtu wa biashara. Ila liweke kwenye safu yake, lisijifanye hoja ya barabara.

Unapoagiza kutoka Japani, ukubwa wa injini na umri vinaweza kupindua hesabu yote. Injini kati ya cc 1,001 na 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Juu yake kuna uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, lililozidi 10 asilimia 30. Umri huhesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa, na miezi miwili ya meli baharini inaweza kukuvusha mwaka. Ndiyo maana Anaconda ya 2.0 mara nyingine inatua bandarini kwa kodi isiyotisha kama watu wanavyodhani, na tako la nyani linaloonekana rahisi kwenye picha linakuja na kodi inayokaribia bei yake. Ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA kabla ya kutuma hata dola moja, na uandike aina kamili ya gari, siyo jina tu.

Ukinunua hapahapa nchini, namba D au namba E haikuambii afya ya gari, inakuambia lilisajiliwa lini. Injini ya 2.4 ya tako la nyani ina sifa mbili mbaya zinazofahamika duniani kote: kula oili, na nyuzi za bolti za silinda hedi kulegea. Liwashe likiwa baridi asubuhi. Chomoa stiki ya oili, fungua mfuniko wa rejeta, acha liungurume robo saa, kisha mwambie mtu akanyage mafuta wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu, au maji yaliyopungua bila kuonekana yanakovuja, ni sababu ya kuondoka kwa adabu. Mark X kwa upande wake hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hujenga masizi. Ikitetemeka ukiwa umesimama na ikimisi, uliza ilisafishwa lini. Harrier zenye shokapu za upepo na zile za haibridi si mbaya, lakini tafuta fundi wake kwanza, gari baadaye. Vivyo hivyo kwa BMW X5, Range Rover na ndugu zao. Ukipata hitilafu Manyoni saa kumi jioni, swali litakuwa nani ana mashine ya kulisoma gari hilo, na spea italala wapi njiani kabla ya kukufikia.

Ukishahamia gari la juu, badili uendeshaji. Ukishuka Mlima Sekenke kwenda Shelui na gari la otomatiki, toa gia kwenye D uishushe mapema kabla mteremko haujaanza, injini ikushikie gari. Breki za gari zito zikichemka huwezi kuzibembeleza. Kiangazi, kuanzia Juni, kung'uta chujio la hewa kila baada ya safari ya vumbi, siyo kusubiri sevisi. Na kule kukaa juu kunakofanya kasi ionekane ndogo ndiko kunakowakamatisha wengi kwenye vibao vya 50 vijijini.

Hukumu yangu ni hii. Mkazi wa Singida mjini anayeishi juu ya lami abaki na Mark X yake, aitengeneze, na kama ni kununua, atumie nafasi hii ambayo kila mtu anaikimbia; akipata GRX125 asiiachie. Mwenye shamba Mkalama au Ikungi achukue Harrier, RAV4 au Vanguard inayovuta tairi zote nne, na aikatae inayovuta mbele tu hata ikipunguzwa bei. Wa Rungwa anunue Prado na akubali bili ya mafuta. Yeyote kati yao, kabla ya kutoa fedha, aingize namba ya gari kwenye mfumo wa faini za usalama barabarani na ahakikishe jina la kwenye kadi ni la anayemuuzia, kwa sababu deni la faini hufuata gari, na litalipwa na aliye nalo.