SOMO LA SHAMBA: KWA NINI MUHOGO TUNAUPANDA KWA VIJITI



Wengi wetu, wa kiwanda cha saruji huku Tororo na wa mashamba ya miwa kule Busia, tuna kashamba nyumbani. Mshahara ukichelewa, muhogo ndio unaotulisha.

Muhogo hutoa maua na mbegu, lakini hatupandi mbegu. Mbegu ina baba na mama, nayo huzaa mchanganyiko. Panda mbegu za muhogo mtamu, utapata na michungu, na mingine mizizi yake kama kidole. Kijiti hakina baba. Ni mama yuleyule amekatwa akasimamishwa mahali pengine, kwa utamu uleule na muda uleule wa kukomaa. Tena huota upesi, maana kina akiba yake ndani. Na njaa ikija, mahindi tunakula hata mbegu. Muhogo tunakula mzizi, shina linabaki la kupanda. Miwa nayo hupandwa kwa vipande vya shina, na viazi vitamu kwa marando.

Lakini kijiti hurithi na ugonjwa. Miaka ya 1990 batobato, ule wa majani kujikunja na kuwa na mabaka ya manjano, ulienea Uganda ukavuka hadi magharibi ya Kenya. Kuanzia 2004 ukaonekana Uganda ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huo ni mjanja: majani yaweza kupendeza, kumbe mzizi umeoza ndani. Nzi weupe huyaeneza magonjwa yote mawili, lakini kuyapeleka mbali ni kazi yetu sisi, na mizigo ya vijiti juu ya boda boda.

Mwenzetu mmoja alipewa vijiti bure na shemeji yake ng'ambo ya mpaka. Alipochimba baada ya mwaka, hata mbuzi walikataa. Msimu ule wote alikopa unga dukani.

Basi kabla ya kukata vijiti kwa mtu, ombeni mchimbe mti mmoja, mkate mizizi yake vipande. Mkiona madoa ya kahawia, msichukue kitu, hata kama ni kwa shemeji. Ulizeni NASE 14, iliyotolewa Uganda mwaka 2011. Inastahimili batobato, na michirizi huivumilia kuliko mihogo yetu ya zamani. Kateni shina lililokomaa, sehemu ya katikati, sentimita 20 hadi 30, lenye macho matano au zaidi. Pandeni mita moja kwa mita moja, na mti utakaoonyesha mabaka mapema ung'oeni.