Ndege wa Uani kwa Anayepata Ahueni

Mtu akitoka hospitali huambiwa apumzike, na tabu huanzia hapo. Dawa umemeza, uji umekunywa, waliokuja kukujulia hali wamekwenda zao, na saa nne bado haijafika. Nilipokuwa nikiugulia nyumbani baada ya upasuaji, siku zangu zilikuwa hivyo mpaka nilipowekewa kiti uani, mkabala na mnazi wa jirani. Minana walikuwa wanajenga.

Dume la mnana huchana ukuti mbichi kwa mdomo, akafunga pete moja, kisha akaizungushia kuta. Jike huja kukagua. Akikataa, na kiota kikakauka bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa akaanza kingine. Jioni moja niligundua kwamba tangu adhuhuri sikuwa nimekikumbuka kidonda changu.

Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliokuwa na dirisha linalotazama miti walitoka mapema kidogo, na walihitaji dozi chache zaidi za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Utafiti ule ulihusu miti, si ndege, wala haukupunguzii hata kidonge kimoja ulichoandikiwa na daktari.

Ukitaka kuwatazama ndege, kaa mahali pamoja kila siku, kivulini, tangu saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Jua likishakuwa kali ndege wengi hujificha. Huhitaji darubini. Chagua ndege mmoja umfuatilie: anakula nini, anatua wapi, anamfukuza nani. Asiyeweza kuinuka kitandani afunguliwe dirisha asikilize. Shore huanza kabla ya jua, na sauti ya dudumizi hushuka kama maji yanayomiminwa kutoka chupani. Wazee husema anaita mvua.

Ukiwa na mshubiri unaochanua, chozi watakuja wenyewe kufyonza maua kwa mdomo wao uliopinda. Kwa ndege wengine, maji yanatosha: sahani pana ya udongo, maji yasiyozidi kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la kutulia. Mwombe mtu wa nyumbani aisugue na kubadilisha maji kila siku, kwa sababu maji yaliyotuama huzalisha mbu, wakiwemo wa homa ya dengi. Usimwage makombo ya ugali. Yatakuletea panya, na kunguru, ambao hula mayai na makinda ya ndege wadogo.

Hapa naomba usikilize sana. Kinyesi cha ndege, hasa cha njiwa, kinaweza kubeba vijidudu vinavyoingia mapafuni kwa vumbi. Anayetibiwa saratani, mwenye kinga dhaifu au mwenye ugonjwa wa mapafu asikifagie; afanye mwingine, akikilowesha kwanza. Ndege aliyekufa usimguse kwa mikono mitupu.

Weka daftari karibu. Langu linasema kwamba jike alikikubali kiota cha tatu, Alhamisi saa 2 asubuhi, akaanza kuingiza nyasi laini. Mstari unaofuata ni tarehe ya kwenda kutolewa nyuzi.