Injini ya Trekta Ndogo Ikizimika Kila Mara: Kagua Haya Kabla ya Kufungua Kabureta

KOMBEWA – Mvua ndefu za Machi hadi Mei hazimngoji mkulima ambaye trekta yake imekwama shambani. Siku tatu za kungoja fundi zinaweza kumfanya apande akiwa amechelewa, na mahindi yaliyochelewa kupandwa hukutwa na jua yakiwa bado yanahitaji maji.

Trekta ndogo za kusukuma kwa mikono na pampu nyingi za petroli zinazonyunyizia sukuma wiki na nyanya kando ya Ziwa Victoria huendeshwa na injini zinazofanana: silinda moja, petroli, nguvu farasi 5 hadi 7. Tatizo lao pia hufanana. Injini inawaka vizuri, kisha inazimika.

Injini ikizimika, wengi hukimbilia kufungua kabureta. Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo kinachoweza kuonekana bila spana. Mkulima anayejua injini yake huzimika wakati gani huwa tayari amepata nusu ya jibu.

Usalama kwanza

Zima injini na uiache ipoe. Chomoa waya wa plagi kabla ya kugusa visu vya kulimia. Usiweke sigara, jiko wala taa ya moto karibu na petroli. Usiwashe injini ndani ya nyumba au stoo iliyofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua.

Inazimika wakati gani?

*Sekunde chache baada ya kuwaka.* Angalia kama koki ya petroli imefunguliwa. Kisha pima oili injini ikiwa imesimama mahali tambarare. Injini nyingi za aina hii zina kifaa kinachokata moto wa plagi oili ikipungua. Pampu ikiwekwa kwenye mteremko wa ufuo, oili huegemea upande mmoja na kifaa hicho huzima injini hata kama oili inatosha. Sawazisha pampu kwanza.

*Baada ya dakika kadhaa, kisha inawaka tena ikipumzika.* Legeza kidogo mfuniko wa tanki na uwashe. Ikiendelea kufanya kazi bila kuzimika, kitundu cha hewa kwenye mfuniko kimezibwa na vumbi au tope. Hewa isipoingia, petroli haiteremki. Safisha kitundu hicho na ukaze mfuniko kabla ya kurudi kazini, maana petroli inayomwagika juu ya injini moto ni hatari.

*Mara tu choki inapofunguliwa.* Injini inakosa petroli ya kutosha. Huenda jeti ya kabureta ina uchafu, au hewa inapenya kwenye gasketi kati ya kabureta na injini.

*Inapoanza kulima au kuvuta maji.* Toa filta ya hewa uitazame. Filta iliyojaa vumbi hunyima injini hewa, na moshi huwa mweusi. Filta ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa, kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Filta ya karatasi haioshwi. Ikichafuka sana, nunua nyingine.

*Ikishapata moto, na haiwaki mpaka ipoe.* Ikiwa mfuniko wa tanki ni mzima, huenda koili imechoka. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kagua petroli

Funga koki, fungua bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta, na upokee petroli kwenye chombo cha kioo. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini na mstari wake huonekana wazi. Ukiyaona, mwaga petroli yote ya tanki kwenye mtungi wa chuma mbali na ziwa, mto au kisima, kisha safisha chujio la tanki.

Petroli inayonuka mafuta ya taa pia irudishwe ulikoinunua. Ni kwa sababu ya uchanganyaji huo kwamba mwaka wa 2018 serikali ya kitaifa iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Nunua petroli kituoni, na uibebe kwenye mtungi safi na mkavu.

Soma rangi ya plagi

Plagi yenye rangi ya hudhurungi hafifu ni dalili njema. Nyeusi yenye masizi huashiria petroli nyingi au filta iliyoziba. Nyeupe kavu huashiria petroli kidogo. Iliyolowa petroli huenda haitoi cheche. Isugue kwa brashi na upime pengo lake. Katika injini nyingi za aina hii, pengo ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Kabureta ni ya mwisho

Ikiwa yote haya ni sawa, ndipo kabureta ifunguliwe. Jeti ipulizwe kwa hewa ya pampu. Kuichokoa kwa waya wa chuma hupanua tundu lake, na kuanzia hapo injini hula petroli kupita kiasi.

Msimu ukiisha

Petroli iliyokaa miezi kadhaa huacha utomvu unaoziba jeti. Kabla ya kuhifadhi mashine, toa petroli ya tanki, kisha uache injini iwake mpaka ijizime yenyewe. Badilisha oili na ufunike mashine mahali pakavu.

Pa kupata msaada

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kilimo na vyuo vya ufundi vya vijijini ni majukumu ya serikali za kaunti. Mkulima ambaye injini yake bado inazimika anashauriwa kumwona afisa wa ugani wa wadi yake. Aende na maelezo mawili: injini inazimika baada ya muda gani, na plagi ina rangi gani. Kwa maelezo hayo, fundi ataanza kazi mahali panapofaa.