Tundu la zambarau bado lina kazi



*Nina steshenari ndogo hapa Kibiti mjini, si mbali na stendi. Nachapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule na kadi za harusi, na msimu wa korosho watu wa chama cha ushirika (AMCOS) huniletea karatasi zao. Nilianza na CPU mbili za mtumba nilizonunua Kariakoo. Moja ninayo mimi, nyingine nilimpa kaka yangu ambaye ni mwalimu katika delta ya Rufiji. Aliivusha kwa boti kutokea Nyamisati.*

*Kibodi yangu ni ya zamani, inaingia kwenye lile tundu la duara la zambarau nyuma ya CPU. Sasa herufi A na spesi hazishiki mpaka nizigandamize kwa dole gumba. Nimezunguka maduka yote hapa, kibodi zote ni za USB. Mashine ina matundu manne ya USB, lakini mawili yamekufa, moja lina printa, na moja naliacha kwa flashi za wateja. Muuza duka akaniuzia adapta ndogo ya zambarau, akasema inageuza USB kuwa duara. Nimeichomeka. Taa za kibodi zinamulika mara moja, kisha kimya, haiandiki kitu. Fundi anasema mashine imepitwa na wakati, niipeleke kwenye chuma chakavu ninunue nyingine.*

*Kaka naye mausi yake ilikuwa inakatakata, akaichomoa na kuirudisha mashine ikiwa inawaka. Tangu siku hiyo mshale haujasogea, ingawa kibodi bado inaandika. Alijaribu kukilazimisha kichwa kiingie, anasema kuna pini moja imelala.*

*Mjomba, tuzitupe? Na kati ya tundu la zamani na hili jipya, lipi bora?*

*Mama Steshenari, Kibiti*

Msizitupe, mwanangu. Mashine inayofungua barua, inayochapisha na kusoma flashi haijafa kwa sababu kibodi imechoka. Kwa haya uliyoniandikia, hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya.

Nianze na adapta, kwa sababu hapo umepoteza pesa yako bila kuelezwa. Adapta ile ndani yake haina kitu ila nyaya. Inachukua nyaya nne za USB na kuzipeleka kwenye pini nne za tundu la duara: umeme wa volti 5, ardhi, na nyaya mbili za mawasiliano. Umeme ulifika, ndiyo maana taa zilimulika. Lugha haikufika. Tundu la duara na tundu la USB huzungumza lugha mbili tofauti kabisa, na adapta ya nyaya tupu haina mkalimani. Inafanya kazi kwa kibodi zile tu zilizotengenezwa zikijua lugha zote mbili, ambazo zamani zilikuwa zikiuzwa kila moja na adapta yake ndani ya boksi lake. Kibodi nyingi za bei rahisi za siku hizi zinajua USB peke yake. Kumvisha mtu kanzu hakumfundishi Kiarabu.

Ipo adapta ya aina nyingine, nayo uijue ili usiuziwe tena isiyokufaa. Hiyo ina kichwa kimoja cha USB na mikia miwili yenye matundu ya duara, moja la zambarau na moja la kijani. Ndani yake mna kichipu kinachotafsiri. Lakini kazi yake ni kinyume cha unayoitaka wewe: inachukua kibodi ya zamani na kuiingiza kwenye mashine yenye USB tupu. Ukiwa na kibodi nzuri ya duara unayoipenda na siku moja ukanunua mashine isiyo na tundu lake, hapo ndipo itakufaa.

Kwa sasa fanya hivi. Nunua kibodi ya USB, na pamoja nayo kigawio cha USB, kile wauzaji wanachokiita habu. Chomeka kibodi kwenye kigawio, na nafasi zinazobaki ziachie flashi za wateja. Tundu moja la USB la kawaida hutoa hadi miliampea 500, na kibodi haili hata robo ya hizo, kwa hiyo havigombanii umeme. Printa usiiweke humo, iache kwenye tundu lake. Yale matundu mawili uliyosema yamekufa, kama ni ya mbele, mwombe fundi afungue aone kama waya wake umechomoka tu kwenye madabodi. Hilo nimelikuta mara nyingi kwenye mashine zilizosafiri juu ya lori.

Kabla hujaitoa ile kibodi mbovu kuna jambo moja usilisahau, maana likikupita utanilaumu. Mashine za umri huo zina mpangilio ndani ya BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows, unaoamua kama kibodi ya USB itasikika kabla Windows haijaamka. Kwenye baadhi ya mashine mpangilio huo huwa umezimwa. Ingia BIOS ukitumia hiyo hiyo kibodi ya duara (A na spesi huvihitaji huko), tafuta mstari unaotaja kibodi ya USB, uwashe, hifadhi, toka. Halafu angalia saa ya mashine. Ikiwa kila umeme wa TANESCO unapokatika tarehe inarudi miaka mingi nyuma, betri ndogo ya madabodi, ile ya duara iliyoandikwa CR2032, imekwisha. Betri hiyo ikiisha, mpangilio wako wa BIOS nao unaweza kufutika kila umeme ukikatika, na asubuhi mashine itakusimamisha ikitaka ubonyeze kitufe kwenye kibodi isiyoiona. Betri hiyo ni ya bei ndogo sana. Badilisha.

Na kibodi yako ya zamani usiitupe hata baada ya kupata mpya. Ifunge kwenye nailoni, iweke kabatini. Siku mashine itakapokataa kibodi ya USB kabla ya Windows kuamka, hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango.

Sasa kaka yako. Hapa naomba nikuambie jambo linalonihusu. Nilipokuwa najifunza ufundi Dar es Salaam, nilichomoa kibodi ya duara kwenye mashine ya mteja ikiwa inawaka, nikairudisha, ikafa. Aliyekuwa akinifundisha akamwambia mteja kwamba madabodi imeungua. Yule bwana alinunua mashine nyingine kwa pesa aliyokuwa ameikusanya kwa tabu. Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba karibu na matundu hayo huwa kuna fyuzi ndogo iliyochomelewa kwenye madabodi, ndogo kuliko punje ya mchele, na kwamba inawezekana kabisa ndiyo peke yake iliyokuwa imekatika. Hadi leo nikimkumbuka yule bwana roho inaniuma. Ndiyo maana jambo hili nalisemea kwa nguvu: tundu la duara halikutengenezwa kwa kuchomekwa wala kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. USB imetengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa duara, zima kwanza, kila mara, hata kama una haraka.

Kwa bahati kaka yako kibodi yake inaandika. Kwenye madabodi nyingi kibodi na mausi hulishwa na fyuzi moja, kwa hiyo fyuzi yake huenda ni nzima. Nashuku ile pini iliyolala. Kichwa cha duara kina pini 6 na kiulimi cha plastiki cha pembe nne kinachoonyesha kiingie upande gani. Mbili kati ya hizo pini hazina kazi, lakini yoyote iliyolala huzuia nyingine zisifike mwisho. Azime mashine, achomoe na waya wa umeme ukutani. Achukue kibano cha kung'olea nyusi, aisimamishe pini polepole, mara moja tu, maana ukiipinda huku na huku inakatika. Kisha achomeke mausi kwenye tundu la kijani mashine ikiwa bado imezimwa, ndipo awashe. Mausi ya duara kwa kawaida hutambuliwa mashine inapoamka. Ukiichomeka baadaye, Windows inaweza isiione kabisa, nawe ukadhani imekufa. Kama amekuwa akiwasha mashine huku kichwa kimeingia nusu, basi bado hajaijaribu.

Akihitaji kufanya kazi leo hii bila mausi, abonyeze kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, kisha Enter. Namba za upande wa kulia wa kibodi zitasogeza mshale. Ni taratibu, lakini mtihani wa darasa la saba utachapika.

Akiona na zambarau na kijani vyote vimenyamaza siku moja, apime fyuzi kabla ya kukubali hukumu ya madabodi. Na hata fyuzi ikishindikana, mausi ya USB itaingia kwenye tundu la USB na kazi itaendelea.

Mwambie pia kwamba huko aliko adui si umri wa tundu. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na mikoko husimama mahali ambapo maji ya bahari huingia na kutoka kila siku. Hewa ile ina chumvi na unyevu, na shaba haipatani na chumvi. Baada ya miezi utaona utando wa kijani kwenye pini, kisha mausi inaanza kukatakata, kama ilivyoanza yake. Bila shaka hali hiyo ndiyo iliyomfanya aichomoe. Kila muhula azime, achomoe waya wa ukutani, asugue pini kwa mswaki uliochovywa kidogo kwenye spiriti safi, aache pakauke kabisa. Mashine ikivushwa kwa boti ifungwe nailoni mbili, na ikifika isiwashwe siku hiyo hiyo.

Umeniuliza lipi bora. Jina la tundu la duara ni PS/2, na limetokana na kompyuta za IBM Personal System/2 zilizotoka mwaka 1987. Kabla yake kibodi ilikuwa na kichwa kikubwa cha pini 5, na mausi ikiingia kwenye tundu la pini 9. USB ya kwanza ilitangazwa Januari 1996 na makampuni saba yaliyochoshwa na utitiri wa matundu nyuma ya mashine, na mwaka 1998 Apple wakatoa iMac ambayo kibodi na mausi vilikuwa vya USB tu. Wengine wakafuata polepole, ndiyo maana mashine kama zenu zina yote mawili.

Tofauti kubwa iko katika namna ya kuzungumza. Kibodi ya duara hupiga hodi: ukibonyeza herufi, inaisimamisha mashine papo hapo na kusema nimekuja. Kibodi ya USB husubiri kuulizwa. Mashine huizungukia, kwa kawaida mara 125 kwa sekunde, ikiuliza kama kuna kitu. Kuna wacheza michezo ya kompyuta wanaobishana hadi leo kuhusu hilo. Wewe mwenye kuchapa barua hutaona tofauti, hata ukiwa mwepesi kiasi gani. Faida ya kweli ya duara ni kwamba halihitaji programu ya ziada kulitambua. Ukitaka kuweka Windows 7 kwenye mashine yenye matundu ya USB 3.0 matupu, kibodi na mausi za USB zinaweza kukaa kimya katikati ya kazi, kwa sababu Windows hiyo ilitoka bila programu za matundu hayo. Kibodi ya duara huendelea kuandika. Zipo pia ofisi zinazofunga matundu yote ya USB kwa kuogopa virusi vya flashi, na wafanyakazi wake huandika kwa kibodi za duara.

Kwa kununua, nunua USB. Utaipata Bungu, Kibiti, Ikwiriri, popote, na itaingia kwenye mashine yoyote utakayonunua baadaye. Tundu la duara ulitunze kwa sababu unalo tayari, si kitu cha kukutafutisha. Kama siku moja utakuta Kariakoo kibodi ya mtumba yenye kichwa cha zambarau, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, ubonyeze kila herufi kabla hujatoa pesa. Ukiipata nzima, utakuwa umerudi ulipokuwa bila hata kigawio.

Yule fundi wako simjui na sitaki kumsema vibaya. Ila mtu akikwambia mashine imekufa, mwulize ni kitu gani ndani yake kimekufa, na akuonyeshe. Na leo hii, kabla boti ya mwisho haijaondoka, mtumie kaka yako ujumbe: azime, anyooshe pini, achomeke, ndipo awashe. Kisha niandikie uniambie mshale umesogea au la.